Mkono Uliofungua Folda

Mbagala, Jumamosi alasiri

Somoe mwanangu,

Umekwenda Manzese kumuaga shangazi yako, na namjua, hakuachii mpaka ule na uondoke na kifurushi. Kwa hiyo nina saa tatu, pengine nne, mimi na kalamu tu. Kesho alfajiri unapanda basi la kusini. Mambo ya chandarua na nani akupokee stendi siyaandiki humu, maana nimeshayasema mpaka siku hizi unaniitikia "sawa Mama" kabla sijamaliza sentensi. Nakuandikia kwa sababu ya Jumanne.

Jumanne tulikuwa tunakula, ukaniuliza jambo la kazi yako mpya. Ulisema, "Mama, hospitali wanataka nichague chombo cha kujaribia programu kabla hazijaingia kwenye kompyuta zao za wagonjwa na za maabara. Mie naona sandboksi inatosha. Mashine pepe ni nzito, na kompyuta zao zenyewe za zamani."

Nikakwambia haitoshi. Ukaanza kunieleza kwa utulivu, kama unavyoeleza wateja, kwamba sandboksi ni nyepesi, haihitaji kompyuta nzima ya maigizo kama mashine pepe, inaizungushia programu moja uzio ili isiguse vitu vingine, na mtu yeyote anaweza kuitumia. Sikukuacha umalize. Nilipiga meza, bakuli la mchuzi likapinduka, nikasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia: "Haitoshi, Somoe! Utaua watu!"

Ulinitazama, kisha ukachukua kitambaa ukafuta mchuzi. "Mama, wewe unaogopaga kila kitu," ukasema. Hukusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikatoka kwenda uani, na sikurudi ndani mpaka niliposikia umeshaosha vyombo.

Ulisema kweli. Naogopa. Tangu ulipopata barua ya ajira nimekuwa nikiamka na moyo unadunda kama nimesahau jiko linawaka. Ila huogopi kitu usichokijua, mwanangu, na mimi ninachokiogopa nakijua kwa jina. Sijawahi kumwambia mtu, wala marehemu baba yako. Nitakueleza wewe. Ni mambo mawili. La kwanza ni la zamani, la pili linakuhusu wewe. Nikianza na la pili nitashindwa, kwa hiyo nivumilie nianze na la zamani.

Unajua kwamba nikiwa msichana nilifanya kazi kwenye shirika la umma lililokuwa na kompyuta. Hadithi za sweta unazijua, jinsi kile kilivyokuwa chumba pekee Dar es Salaam ambamo watu walitetemeka kwa baridi, kwa sababu mashine ilitaka baridi. Yaliyobaki hukuyasikia.

Shirika letu lilipeleka dawa kwenye zahanati za vijijini. Mashine ndiyo iliyotoa orodha: zahanati ipi, dawa gani, katoni ngapi. Ilijaza chumba kizima, lakini akili yake ilikuwa ndogo kuliko ya simu uliyotoka nayo leo. Tuliitana ndugu. Mimi nilikuwa Ndugu Rehema, miaka ishirini na tatu, mwanamke peke yangu kati ya waandika programu, na kila asubuhi niliingia mle nikiogopa kuonekana sijui.

Kumbukumbu zote zilikaa kwenye kanda, duara kubwa kama sinia. Mtunza kanda alikuwa Mzee Akwilini, mtu wa Masasi, mkimya, shati lake limenyooka hata miezi ile sabuni ilipokuwa haionekani mjini. Nyuma ya kila kanda palikuwa na mfereji wa mviringo. Ukipachika humo kipete cha plastiki, mashine inaweza kuandika juu ya kanda ile. Ukikitoa, inaweza kusoma tu, hata uibembeleze vipi. Mzee Akwilini hakumpa mtu wa majaribio kanda ya kweli ikiwa na kipete. Alikichomoa mwenyewe, akakitia kwenye kopo la maziwa lililokaa mezani kwake, ndipo akakukabidhi kanda kwa mikono miwili. Kila mara alisema maneno yaleyale: "Bila kipete, hata ukikosea, umekosea peke yako."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi tangu hapo na nimekaa kwenye semina, na bado sijakutana na mtu aliyeieleza kazi yako vizuri kuliko hivyo. Mashine pepe, sandboksi, vyote vimetengenezwa ili ukikosea, ukosee peke yako.

Ilikuwa miaka ile watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Zahanati nyingi zilikuwa zimehama na wenyewe, na sisi tulitumia miezi kuingiza orodha mpya kwenye kanda. Mimi nilipewa kuandika programu ya kuipanga orodha ile kwa njia za malori. Ijumaa moja mchana nikaenda kuijaribu. Mzee Akwilini akanipa kanda mbili. Moja ya kweli, yenye orodha mpya, bila kipete. Nyingine ya zamani, ya kabla watu hawajahama, yenye kipete, niandike juu yake nitakavyo.

Nikaziweka kwenye mashine za kanda, ya kweli namba moja, ya zamani namba mbili. Nikaanzisha programu. Ikagoma. Taa ikawaka kwenye namba moja.

Sasa sikiliza nilichokuwa nacho kichwani. Asubuhi hiyo tulisikia sabuni imeshuka kwenye duka la ushirika, na wenzangu walikuwa wameshatuma watu kushika foleni. Mimi sikuwa na wa kumtuma. Saa ilikuwa inakwenda. Na ile mashine namba moja ilikuwa na tabia ya kusumbua, kila wiki fundi alikuwa juu yake. Nikajisemea, imeanza tena. Nikasoma karatasi ya makosa, ikasema kanda namba moja hairuhusiwi kuandikwa. Nikaona basi ni hilo tu, inataka kipete. Mzee Akwilini alikuwa ametoka kwenda kuswali... la, yeye alikuwa Mkristo, waliokwenda Ijumaa ni wengine. Yeye alikuwa amewafuata kwa sababu waliondoka na funguo za stoo. Hata hilo naanza kulisahau. Ninachokumbuka ni kwamba meza yake ilikuwa tupu na kopo lilikuwepo. Nikachukua kipete, nikakipachika, nikarudisha kanda, nikaanzisha tena.

Ikaenda vizuri ajabu. Haikugoma hata mara moja. Nikafunga kazi, nikakimbilia foleni, nikapata miche miwili ya sabuni.

Jumamosi asubuhi nikapitia kadi zangu, zile zilizotobolewa maagizo ya programu, nikaona. Nilikuwa nimegeuza namba. Pa kusoma nimeandika mbili, pa kuandika nimeandika moja. Mashine ilipogoma haikuwa mbovu. Ilikuwa inaniambia, "Rehema, unataka kuandika juu ya kanda ya kweli." Na mimi badala ya kuiuliza kwa nini inakataa, nilitafuta namna ya kuinyamazisha. Orodha ya zamani ilikuwa imeandikwa juu ya orodha mpya, safi, bila alama ya kosa.

Siku hiyohiyo orodha zilichapwa. Malori yalikuwa yanapakiwa Jumatatu. Kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima ya kusema. Nataka uelewe hapo, Somoe. Kosa la kipete ni kosa la haraka, na Mungu ni mwingi wa rehema. La kunyamaza lilikuwa na siku mbili, na usingizi katikati yake. Nilijiambia pengine tofauti ni ndogo. Nilijiambia nikisema wataita hujuma, na neno hilo enzi zile lilikuwa linamfuata mtu mpaka kwao. Nilijiambia watasema, mwanamke mmoja tumempa programu, mnaona? Yote hayo yalikuwa kweli. Na bado.

Mwezi haukwisha barua ikaja kutoka kwa mganga wa zahanati moja ya kule Nachingwea. Meneja akaisoma mbele yetu sote. Mganga aliandika kwa mwandiko mzuri, bila matusi. Alisema kijiji chao kilihama mwaka uliopita, na dawa zao zimeshushwa kwenye zahanati ya zamani ambako wamebaki popo. Alisema ametembea siku nzima kuzifuata, akakuta mvua imeingia kwenye katoni. Kisha akaandika kwamba watoto wawili wa homa wamefariki mikononi mwake, na kwamba haandiki kwa kulaumu, anaandika ili tujue.

Meneja akakunja barua. Kanda ilikuwa imeshakaguliwa. "Nani alipachika kipete kwenye kanda ya kweli?"

Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Ndugu Rehema, wewe ndiye uliyefanya majaribio."

"Ndiyo, Ndugu Meneja."

"Kanda ulipewa na kipete au bila kipete?"

Nikasema, "Sikuangalia."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema "nilipewa nacho." Nilichagua neno ambalo halikuwa uongo kamili, nikaliacha limwangukie mwingine. Mzee Akwilini alikuwa amesimama pembeni ya rafu zake. Alinitazama. Alikuwa mtu anayehesabu vipete vyake kila jioni. Alijua, na alijua kwamba najua kuwa anajua. Meneja akamgeukia. "Mzee, unasemaje?"

Akajibu, "Kanda ziko chini yangu."

Baada ya wiki chache akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa.

Nilimwona mara moja tu tena. Wewe ulikuwa mchanga, nakubeba mgongoni. Nilisikia amehamia Pugu, nikamfuata. Nilimkuta anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo. "Shikamoo Mzee," nikasema. Akaitikia, akafurahi, akaniletea kigoda, akakushika mguu akakuchezea kidole. Tulizungumza mambo ya mvua. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Una jambo, Rehema?"

Nikasema, "Hapana, Mzee. Nimekuja kukusalimu tu."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea, akaendelea na mbegu zake. Nilipopata tena habari za Pugu, zilikuwa za msiba.

Nimesimama kidogo hapa. Nimekwenda kuangalia kama unakuja. Bado.

Sasa hilo la pili.

Unakumbuka mwaka jana pale kwenye duka letu la kuchapa, njia ya Chamazi. Wateja walikuwa wanatuletea flashi zimejaa virusi, na wewe ukaseti ile mashine pepe, ukanieleza mara ya kwanza nikacheka kwa furaha kwa sababu nilikuelewa upesi. Kompyuta nzima ndani ya kompyuta, yenye madirisha yake na faili zake, inaamini ndiyo kompyuta halisi. Flashi ya mgeni inafunguliwa humo kwanza. Kikiingia kirusi, kinavuruga nyumba ya maigizo. Jioni unairudisha kwenye hali uliyoihifadhi asubuhi, na hakuna kilichotokea. Uliifungia mtandao. Ulifunga folda ya pamoja, ile inayopitisha faili kati ya mashine ya ndani na kompyuta halisi. Ulibandika karatasi kwenye skrini kwa mkono wako: FOLDA ISIFUNGULIWE.

Halafu ikaja ile siku. Ulimkuta Sista Bertha, muuguzi wa Kizuiani, amekaa nje analia, kwa sababu utafiti wake wa chuo aliouchapa kwetu kwa miezi minane ulikuwa umeharibika. Kirusi kilitoka mashine ya ndani kikavuka, kikavuruga kila faili tuliyokuwa nayo. Nakala ya akiba ilikuwa ya mwezi uliopita. Sura mbili za mwisho hazikuwemo. Ulikaa kwenye kompyuta ukapekua mipangilio, ukakuta folda ya pamoja iko wazi, tena na ruhusa ya kuandika. Ulishika kichwa. "Mama, mie ndiye niliyeiacha wazi. Nilipokuwa naseti. Lazima ni mie, nani mwingine?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nikasema, "Pole, mwanangu."

Somoe, niliyeifungua ni mimi. Siku mbili kabla yake ulikuwa kwenye mtihani. Alikuja katibu wa chama cha kuzikana, ana ratiba ya mazishi kwenye flashi, watu wanamsubiri makaburini. Nilifungua flashi kwenye mashine ya ndani kama ulivyonifundisha, lakini printa ilikuwa nje, kwenye kompyuta halisi, na ile njia yako ya kukagua faili kisha kuitoa ilikuwa na hatua nyingi, na yule bwana alikuwa anaangalia saa. Nikaingia kwenye mipangilio. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikachapa, akaondoka akinishukuru, na nikasahau kufunga. Karatasi yako iliendelea kukaa pale kwenye skrini, mwandiko wako unanitazama.

Mtu wa miaka sitini na kitu, aliyebeba jambo la kipete maisha yake yote, akafanya lilelile. Na mtoto wake mwenyewe alipojitwika lawama, akasema pole.

Uliyoyafanya wewe baada ya hapo nayajua vizuri kwa sababu niliyatazama yote. Hukulala juu yake hata siku moja. Ulivaa, ukaenda Kizuiani kwa miguu, ukamwambia Sista Bertha, "Ni kosa langu, nitakuchapia tena." Wiki mbili ulichapa kutoka kwenye madaftari yake, mpaka sura mbili zikarudi. Kosa halikuwa lako, na ulilibeba siku hiyohiyo. Mimi kosa lilikuwa langu mara mbili.

Sasa nakuja kwenye Jumanne, na sababu ya mchuzi kumwagika. Tangu siku ile nimekuona ukiseti mashine pepe. Unakagua mara tatu, mara nne, unafuta, unaanza upya. Wewe ambaye ulikuwa unaifanya huku unaimba. Uliponiambia sandboksi inatosha nikasikia kitu kingine chini yake: nikasikia mtu asiyejiamini tena kukiendesha chombo kikubwa. Huenda nimekosea. Lakini kama ni hivyo, basi uongo wangu unakwenda hospitali. Unakwenda kulekule kusini, kwenye mafaili ya wagonjwa, umekaa ndani ya uchaguzi wako, na wewe hujui kwamba umo. Hilo ndilo lililonipigisha meza.

Kwa hiyo lichukue jambo hili upya, ukiwa na ukweli mkononi. Mashine pepe uliyoiseti ilikuwa sawa. Ilizuia kila flashi mpaka siku mtu mzima alipofungua mlango kwa makusudi. Usiikimbie kwa sababu hiyo.

Sandboksi si mbaya. Kwa waraka uliotumwa na mtu unayemfahamu, kwa kuchungulia tovuti, inafaa, na kwenye kompyuta zile za zamani pengine ndiyo itakayoweza kwenda. Lakini programu iliyomo kwenye sandboksi bado inakanyaga sakafu ileile na kompyuta yako. Imezuiwa kwa uzio tu. Kitu usichokijua asili yake, au programu mpya itakayogusa majibu ya maabara, kipe nyumba yake yenyewe, yaani mashine pepe. Wakilalamika kuwa kompyuta ni dhaifu, usiiweke mashine pepe kwenye zote. Omba moja yenye nguvu, iwe kwenye chumba kimoja, isiunganishwe na za wagonjwa, majaribio yote yafanyikie hapo. Na kuna vitu ambavyo hata ndani ya mashine pepe usiviamini. Wewe mwenyewe ulinionyesha kwamba viko virusi vinavyotambua vimewekwa kwenye nyumba ya maigizo, vinakaa kimya kama mgeni mwenye adabu, vikisubiri kutolewa. Kwa hiyo programu ikitulia siku moja, usiseme imepona.

Utaletewa majina mengi ya vyombo, vya bure na vya kununua, na kila mtu atasifia chake. Mimi nina swali moja tu ninalokuomba uliulize kila kimoja: kikiwa mkononi mwa mtu aliyechoka, mwenye haraka, anayesubiriwa, kitamruhusu kufungua mlango kwa urahisi gani? Chagua ukimfikiria mtu huyo. Usichague ukijifikiria wewe asubuhi, umelala vizuri, chai umekunywa. Kama njia salama ya kutoa faili ina hatua kumi, watu wataitafuta ya hatua moja, na wataipata. Ifupishe njia salama wewe mwenyewe kabla hawajaifupisha wao. Laiti ungekuwa na printa upande wa ndani, yule katibu angechapa na mimi nisingegusa kitu. Silaumu; nakwambia nilichokiona nikiwa mimi ndiye mtu aliyechoka.

Na usiamini kwamba pamefungwa kwa sababu pameandikwa pamefungwa. Weka faili lisilo na madhara ndani, jaribu kulitoa kwa kila mlango unaoujua: folda, kunakili na kubandika, mtandao, flashi. Likitoka, na kirusi kitatoka. Fanya hivyo tena kila chombo kikisasishwa, maana masasisho mengine hurudisha mipangilio ya mwanzo bila kukuuliza.

Chombo kikikugomea, kaa chini kwanza. Nimeshakwambia kwa nini.

Lakini hakuna chombo kati ya vyote hivyo kinachozuia kunyamaza, na mimi sikuvunjwa na mashine. Siku utakayoharibu kitu kule, na utaharibu, maana unafanya kazi, usinipigie simu mimi kwanza. Nitakupa huruma, na huruma yangu umeshaona ilivyo. Nenda kwa mkuu wako kabla malori hayajaondoka.

Alhamisi nilikwenda Kizuiani. Nilimwambia Sista Bertha kwamba aliyefungua folda ni mimi. Alikuwa anaanika nguo, akaendelea kuanika mpaka nikamaliza. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Mama Somoe, mie utafiti wangu nilishaupata. Mbona unaniambia mimi? Mwambie mwenyewe."

Nikamjibu kwamba nitakwambia kabla hujaondoka. Ijumaa ikapita. Leo asubuhi tulikunja nguo pamoja saa nzima, nikazungumzia soksi.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango. Niifiche chini kabisa ya begi, uikute ukishavuka Rufiji, unisome nikiwa mbali na macho yako. Ungekuwa na wiki nzima ya kupoa kabla ya kunipigia. Nimeiandika nusu nikiwa na mpango huo. Kisha nikamkumbuka Mzee Akwilini na kigoda chake, jinsi alivyonipa nafasi uso kwa uso, na nikaona kwamba begi ni kunyamaza kwa namna nyingine.

Kwa hiyo sitaificha. Ukiingia utanikuta nimekaa sebuleni nimeishika, na nitakupa mkononi. Utasoma hapohapo, au chumbani kwako, utakavyo. Nitakwenda kukaa uani. Kama utataka kuniuliza kwa nini nilisema pole, sina jibu zuri, lakini uliza. Kama utataka kupiga kelele, piga, jirani ameshatuzoea. Kama utataka kulala na kuondoka alfajiri bila kusema na mimi, nitakusindikiza stendi nikiwa nyuma yako, na nitabeba begi dogo.

Geti limelia. Nasikia unacheka na mtoto wa jirani huko nje. Hujui bado.

Ukimaliza kusoma, usianze na shikamoo. Anza na hilo lililo moyoni.

Mama yako,
Rehema